Programu ya Ofisi na Vyombo vya Mpangaji

Programu ya kompyuta haichakai. Panga hupungua makali, cherehani hulika meno, na muhuri wa mpira wa ofisi hukauka ukapasuka. Lakini programu iliyochapa barua mwaka 2003 ingeweza kuichapa barua ileile leo, herufi kwa herufi, bila dalili ya kuchoka. Hata hivyo hufa mapema kuliko meza iliyowekewa kompyuta, tena hufa ikiwa nzima. Kifo hicho kisichotanguliwa na uzee huzikumba zaidi ofisi ndogo: steshenari yenye kompyuta mbili, chumba cha wakili na karani wake, mhasibu anayeshika vitabu vya maduka kumi. Nacho huzua swali ambalo fundi wa kompyuta hawezi kulijibu peke yake: aliyelipia programu alinunua nini hasa, na anayemtaka alipe tena ana haki gani?

Chanzo cha kwanza cha kifo hicho ni mpangilio wa faili. Kila programu huhifadhi kazi ya mtumiaji kwa mpangilio wake: mahali pa maneno, mahali pa herufi nzito, mahali pa jedwali na picha. Toleo jipya hufundishwa kusoma mpangilio wa zamani; la zamani halikuweza kufundishwa kusoma mpangilio ambao haukuwapo lilipotengenezwa. Kwa hiyo uhusiano wa matoleo huwa kama dema la mvuvi, samaki huingia asitoke. Word 97 ilipotoka, ofisi zilizobaki na Word 95 hazikuweza kufungua mafaili yake bila kigeuzi, ingawa majina ya mafaili ya pande zote mbili yaliishia kwa herufi zilezile tatu, doc. Miaka kumi baadaye Office 2007 ikaleta docx na xlsx. Microsoft ilitoa bure kigeuzi cha kuyafungua mafaili hayo kwenye matoleo ya 2000, XP na 2003, lakini kigeuzi kilipaswa kupakuliwa kwenye intaneti, na nyaya kubwa za chini ya bahari zilifika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009 tu. Katika uhasibu dema ni kali zaidi. Faili la kampuni la QuickBooks ya mezani likishapandishwa kwenye toleo la mwaka mpya, toleo la mwaka wa nyuma haliwezi kulifungua tena. Mhasibu akilipandisha la mteja Ijumaa jioni bila kumwambia, Jumatatu asubuhi mteja hana vitabu.

Chanzo cha pili kiko chini ya programu yenyewe, kwenye mfumo endeshi na mashine. Windows XP iliyotoka 2001 iliacha kuhudumiwa Aprili 2014, Windows 7 Januari 2020, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai chipu maalum ya usalama na prosesa ya karibuni, kiasi kwamba nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2017 zimeachwa nje. Afrika Mashariki, ambako kompyuta nyingi za ofisi ndogo ni za mtumba, sharti hilo linagonga mahali pabaya: mashine huingia nchini wakati huduma yake inakaribia kukatwa ilikotoka. Wakati mwingine kinachokufa ni kipande kidogo kilichobebeshwa mzigo mkubwa. Mamlaka ya mapato ya Afrika Kusini ilikuwa na fomu za kodi zilizotegemea kiongezi cha kivinjari kiitwacho Flash. Adobe ilipoizima Flash mwishoni mwa 2020, mamlaka hiyo ikatoa Januari 2021 kivinjari chake yenyewe ili fomu ziendelee kufunguka. Serikali huweza kujitengenezea kivinjari. Mwenye steshenari hawezi.

Watu husema wamelazimishwa kuhamia toleo jipya. Neno hilo linahitaji kupimwa kabla ya kukubaliwa. Katika fiqhi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, mkataba wa aliyelazimishwa hauna nguvu, lakini kulazimishwa kuna masharti: pawe na mlazimishaji, awe na uwezo wa kutekeleza tishio lake, na aliyetishwa awe na sababu ya kuamini kwamba litatekelezwa. Muuzaji wa programu hamtishi mtu. Kompyuta ya zamani inaendelea kuwaka, programu ya zamani inaendelea kufunguka, na mwenye ofisi yuko huru, kwa maana nyembamba ya neno hilo, kubaki alipo.

Aristotle aliligusa jambo la namna hii katika kitabu cha tatu cha maadili yake yanayoitwa ya Nicomachus. Mfano wake ni nahodha anayetosa shehena baharini wakati wa tufani. Hakuna anayetosa mali yake kwa kupenda, lakini mwenye akili timamu hufanya hivyo ili kuokoa roho na chombo. Tendo hilo, asema, ni mchanganyiko, ila limeelekea zaidi upande wa hiari, kwa kuwa mkono uliotupa ni wa nahodha mwenyewe na saa ile alichagua. Mwenye jahazi yeyote wa Lamu au Pemba angeuelewa mfano huo bila kufafanuliwa. Ofisi inayolipia toleo jipya ili iendelee kupokea mafaili ya wateja nayo imetosa shehena kwa mkono wake.

Lakini mfano huo una pengo. Tufani haina mwenyewe. Mtu hawezi kuzishitaki pepo za kusi, ndiyo maana Aristotle hakuhitaji kuuliza nani aliileta. Kwenye programu, upepo huanzia mahali panapojulikana.

Hapa inasaidia kukumbuka vipimo vya soko. Zamani nafaka ya pwani ilipimwa kwa kibaba na pishi. Kibaba hakikuwa na nguvu yoyote ndani yake. Kilikuwa chombo tu, na thamani yake ilitokana na kwamba muuzaji na mnunuzi walikubali kukitumia na kila mmoja alitarajia mwenzake akitumie. Mwanafalsafa David Lewis, katika kitabu chake cha 1969 kuhusu desturi za makubaliano, aliieleza hali hiyo kwa jumla: kila mtu hufuata utaratibu fulani kwa sababu wengine wanaufuata, na kila mmoja angefuata mwingine kama wengine wangekuwa kwenye huo mwingine. Lugha iko hivyo, na sarafu iko hivyo, na mpangilio wa faili uko hivyo. Wakili hahitaji docx kwa uzuri wake. Anaihitaji kwa kuwa benki humletea mkataba kwa docx. Ofisi moja kubwa ikipanda toleo, kila anayeandikiana nayo hujikuta akisukumwa nyuma yake, naye huwasukuma wengine, na hakuna katika mlolongo huo aliyemwinulia mwenzake bakora.

Tofauti ni kwamba lugha hubadilika bila kuwa na mmiliki anayepata faida kwa kila neno jipya. Kipimo cha soko hubadilishwa na serikali, na serikali ina pa kuulizwa. Kenya ilipoweka kanuni za 2020 zilizowataka wafanyabiashara waliosajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani kuziacha mashine za risiti za kodi (ETR) za tangu 2005 na kununua zinazotuma ankara moja kwa moja kwa mamlaka ya mapato, wenye maduka walinung'unika sawasawa na wanavyonung'unikia programu. Lakini mlazimishaji alijulikana, kanuni ilichapishwa, na palikuwa na Bunge na mahakama za kuipeleka. Mpangilio wa faili ulioenea ni makubaliano ya umma yaliyo mikononi mwa mtu binafsi. Anayeyabadilisha ndiye anayeuza ufunguo wa mabadiliko hayo. Kulazimishwa kwa maana ya fiqhi hakupo, ila pamekaa kitu ambacho msamiati wa zamani haukukiwekea jina, kwa kuwa zamani hakuna aliyewahi kuwa na hatimiliki ya kibaba.

Je, aliyelipa hapo mwanzo alinunua nini? Mahakama zimejibu kwa namna mbili zisizopatana. Mwaka 1908 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya wachapishaji wa Bobbs-Merrill, waliochapa ndani ya riwaya yao onyo kwamba anayeiuza chini ya dola 1 anavunja haki zao. Duka la Macy's likaiuza kwa senti 89. Mahakama ikasema mchapishaji akishauza nakala, mamlaka yake juu ya bei ya nakala hiyo yamekwisha. Kanuni hiyo ndiyo iliyofanya pawe na wauza vitabu vya mitumba. Programu zilipokuja, wauzaji wake walibadilisha neno moja: hawakusema wanauza, walisema wanatoa leseni.

Uzito wa neno hilo ulionekana katika kesi ya Vernor dhidi ya Autodesk, na kisa chake ni cha ofisi ndogo hasa. Ofisi moja ya wasanifu majengo huko Marekani ilikuwa na nakala za AutoCAD Release 14, programu ya uchoraji ya Autodesk. Ilipohamia AutoCAD 2000 ililipa dola 495 kwa kila leseni, badala ya dola 3,750 za leseni mpya, kwa sharti kwamba itaziharibu nakala za zamani. Haikuziharibu, iliziuza. Timothy Vernor, mchuuzi wa eBay, alizinunua na kuzitia mnadani. Septemba 2010 mahakama ya rufaa ikaamua kwamba ofisi ile haikuwahi kuzimiliki nakala zile tangu siku ya kwanza, hivyo haikuwa na cha kuuza. Sanduku, diski na kitabu cha maelekezo vilikaa kwenye rafu yake miaka kadhaa, vikiwa vya mtu mwingine. Miaka miwili baadaye, tarehe 3 Julai 2012, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kinyume katika shauri la UsedSoft na Oracle: haki ya kutumia ikitolewa bila kikomo cha muda kwa bei iliyolipwa mara moja, hayo ni mauzo, yaitwe jina lolote, na mnunuzi anaweza kuuza mbele mradi yeye aache kuitumia. Mambo yaleyale, bahari moja katikati, hukumu mbili.

Waswahili wa mijini wana neno linaloikaribia hali hiyo kuliko mauzo na leseni: kilemba. Anayetaka fremu ya duka mahali pazuri hutoa kilemba, fedha nyingi kwa mkupuo, kisha anaendelea kulipa kodi ya kawaida. Kilemba humpa nafasi, hakimpi nyumba. Aliyetoa kilemba hujisikia mwenyewe, hupaka rangi na kutundika bango, hadi siku anapokumbushwa kwamba kuta si zake. Programu ya kulipia mara moja ilikuwa kilemba kilichovaa kanzu ya mauzo, na uchungu wa ofisi nyingi unatokana na kanzu hiyo.

Fiqhi ya mikataba inalitazama jambo hili kwa jicho kali zaidi, kwa sababu inatenganisha vitu ambavyo leseni huviunganisha. Kuuza kitu ni kuhamisha kitu chenyewe. Ijara ni kuuza manfaa ya kitu kwa muda, kitu kikibaki cha mwenyewe. Madhehebu hayakulingana kuhusu manfaa: Washafii, ambao ndio wengi katika pwani ya Afrika Mashariki, huihesabu kuwa mali, ilhali Wahanafi wa zamani hawakuihesabu hivyo ikiwa peke yake. Kuhusu haki za watunzi na wavumbuzi, Baraza la Kimataifa la Fiqhi la Jeddah liliamua mwaka 1988, katika kikao chake cha Kuwait, kwamba ni haki zenye thamani ya mali na hazifai kuvamiwa. Basi programu inaweza kuuzwa na inaweza kukodishwa. Kisichokubalika ni mkataba usiojulikana ni upi kati ya hiyo miwili, au ijara isiyo na muda uliotajwa, kwa kuwa hapo ndipo inapoingia gharari, ile hali ya kuuziana kisichojulikana ambayo mfano wake wa darasani ni samaki aliye bado majini. Leseni isiyo na kikomo kwa maandishi, ambayo kikomo chake kinangoja uamuzi wa mtoaji, ina harufu ya samaki huyo.

Kwa mtazamo huo, hatua ya Adobe ya Mei 2013, ilipotangaza kuacha kutengeneza matoleo mapya ya kununuliwa moja kwa moja na kubaki na malipo ya kila mwezi, ilikuwa ya ukweli zaidi kuliko desturi iliyoitangulia. Wapigapicha na wachapaji waliipokea kwa hasira, na kwa mfuko wao walikuwa na haki. Kwa upande wa mkataba, hata hivyo, ijara iliyotajwa kuwa ijara, yenye muda na bei, ni safi kuliko mauzo ambayo si mauzo. Mpangaji anayejua ni mpangaji hapaki rangi ukuta wa watu.

Liko pia swali la kama kilichopandishwa toleo bado ni kitu kilekile. Plutarch alisimulia jinsi Waathene walivyoitunza merikebu ya Theseus kwa kubadilisha kila ubao uliooza, hadi wanafalsafa wakabishana kama ingali merikebu ile. Thomas Hobbes, mwaka 1655, alitia ugumu: mtu akiziokota mbao zote zilizotolewa na kuziunga upya kwa mpangilio wake, pana merikebu mbili, na ipi ya Theseus? Kwenye programu ubao huwa haujaoza unapong'olewa, na mwenye chombo huenda hakuomba ubadilishwe. Jina hubaki, nembo hubaki, vitufe huhamishwa, na karani aliyejua njia kwa vidole vyake huanza upya. Hobbes angejibu kwamba inategemea jina lilipewa kitu gani, umbo au ubao. Ofisini jina limepewa kazi inayofanyika, na iwapo kazi ileile haifanyiki tena kwa njia ileile, mwenye kuilipia ana msingi wa kusema kwamba amebadilishiwa merikebu.

Upande wa watengenezaji nao una hoja nzito. Meir Lehman, aliyeanza kuandika kanuni zake za mabadiliko ya programu mwaka 1974, alionyesha kwamba programu inayotumika katika shughuli halisi za watu ni lazima iendelee kurekebishwa, la sivyo hupungua manufaa, kwa kuwa shughuli zenyewe hazisimami. Kiwango cha kodi hubadilika, na sheria ya ankara pia. Kudumisha matoleo kumi kwa wakati mmoja ni gharama ambayo mtu hulipia mahali fulani. Zaidi ya hayo, programu iliyoachwa huwadhuru hata wasioitumia. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilienea duniani kupitia kasoro ya Windows ambayo kiraka chake kilikuwa kimetolewa Machi mwaka huohuo. Hospitali za huduma ya afya ya umma ya Uingereza ziliahirisha miadi na upasuaji. Kompyuta isiyotiwa kiraka ni kama shimo la maji lililoachwa wazi uani: mbu wake hawaulizi mipaka ya kiwanja. Kanuni ya fiqhi kwamba mtu asidhuru wala asilipe madhara kwa madhara humfika mwenye ofisi pia, anaposema kompyuta ni yake na hataki kuguswa.

Basi usalama wa mtandao mzima ni tufani ya kweli, na kutosa kunaweza kuwa wajibu. Ila mabaharia wa kale hawakuishia hapo. Sheria ya Rhodes, iliyopokelewa na Warumi na kuingizwa katika mkusanyo wa Justinian wa mwaka 533, ilisema kwamba shehena ikitoswa ili kuokoa chombo, hasara igawanywe kwa wote ambao mali yao imeokoka, na si kwa yule tu ambaye magunia yake yalikuwa karibu na ukingo. Sheria za bahari zinaifuata hadi leo. Katika programu magunia ya ukingoni ni ya mwenye kompyuta kuukuu. Windows 10 ilipofika mwisho, ofisi iliyotaka kuendelea kupata viraka ilitakiwa kulipa dola 61 kwa kila kompyuta mwaka wa kwanza, bei ikiongezeka maradufu mwaka wa pili na tena wa tatu. Watumiaji wa majumbani katika nchi za Eneo la Kiuchumi la Ulaya walipewa mwaka mmoja bure. Tofauti hiyo inaonyesha kwamba gharama inagawika. Iligawanywa pale palipokuwa na wa kudai.

Hata hivyo, hasara ya fedha, pamoja na ukubwa wake, si kiini cha malalamiko ya ofisi ndogo. Mwenye steshenari huweza kuelewa kwamba programu ilikuwa ya kupanga. Kinachomkera ni barua, mikataba, hesabu na orodha za wateja zilizomo ndani yake. Hizo hakupanga. John Locke alifundisha, mwaka 1689, kwamba mtu hupata milki kwa kuchanganya kazi yake na kitu. Na ingawa hoja yake ina matatizo ikihusu ardhi, kuhusu ripoti iliyoandikwa usiku kucha haina mpinzani. Programu ni nyumba, mafaili ni vyombo vya mpangaji. Mwenye nyumba anaweza kukatisha upangaji kwa taarifa. Hana ruhusa ya kufunga mlango kitanda na masufuria yakiwa ndani, kisha aseme ufunguo unauzwa. Hata rehani, ambayo kwayo mali ya mtu hushikwa na mwingine kihalali, huhitaji deni na makubaliano. Mhasibu aliyekatiwa QuickBooks hakuwa ameweka vitabu vya wateja rehani.

Tofauti hii hujibu swali lisilopendwa kutajwa, la programu zilizochakachuliwa. Ofisi nyingi ndogo za Afrika Mashariki hazikuwahi kulipia Office yao. Fundi aliiweka kutoka kwenye fleshi, pamoja na namba ya siri iliyopita mikononi mwa mji mzima. Je, aliyeingia kwa dirisha ana haki ya kulalamika kwamba mlango umebadilishwa kufuli? Kuhusu nyumba, hapana. Kuhusu vyombo, anayo sawa na mpangaji halali, kwa sababu kitanda hakiwi cha mwenye nyumba kwa kuwa mgeni hakulipa kodi. Anachodaiwa ni kodi.

Mipaka ya mpangilio wa zamani huweza pia kupoteza vyombo kimyakimya. Kati ya 25 Septemba na 2 Oktoba 2020 mamlaka ya afya ya Uingereza iliacha nje ya hesabu visa 15,841 vya korona, kwa kuwa matokeo ya vipimo yaliingizwa kwenye faili la Excel la aina ya xls, ambalo halipokei zaidi ya mistari 65,536. Aina ya xlsx, iliyokuwapo tangu 2007, hupokea 1,048,576. Kisa hiki kinawapa wanaopigia debe matoleo mapya hoja nzuri, na ni haki waitumie. Lakini kinaonyesha pia kwamba aliyeumia si aliyechagua mpangilio: walikuwa watu waliokaa na wagonjwa bila kuarifiwa. Ukilinganisha, nakala ya Utendi wa Tambuka ya mwaka 1728 haidai toleo lolote. Anayezijua herufi za Kiarabu na Kiswahili cha kaskazini huisoma, bila kumwomba ruhusa aliyeuza karatasi wala wino.

Njia moja ya kuyaweka mafaili katika hali ya karatasi hiyo ni kuuondoa mpangilio wake mikononi mwa muuzaji mmoja. Mpangilio wa ODF ulikubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 2006, na ule wa docx wenyewe mwaka 2008. Kabla ya hapo, mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulikuwa umetoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Programu huria nazo hubadilika matoleo, tena mara nyingi zaidi. OpenOffice yenyewe iligawanyika mwaka 2010 na LibreOffice ikazaliwa. Uhuru wa kurekebisha msimbo hauisaidii ofisi isiyo na mtu wa kuurekebisha. Faida iko kwenye vyombo: kilichohifadhiwa kwa mpangilio ulio wazi huweza kusomwa na programu ambayo aliyekihifadhi hakuwahi kuisikia.

Muda wa wajibu wa mwenye programu kwa vyombo hivyo nao unahitaji kipimo, maana hakuna anayeweza kudaiwa kuhudumia programu milele. Fiqhi ya Kishafii ina hukumu iliyo karibu, ya amini anayetaka kusafiri ilhali ana amana ya mtu. Anapaswa kumrudishia mwenyewe au wakili wake. Asipompata, amkabidhi kadhi. Asipopatikana kadhi, amkabidhi mtu mwaminifu. Kuondoka nayo au kuitupa ni kukiuka amana. Kampuni inayofunga toleo iko katika safari kama hiyo. Kumrudishia mwenyewe ni kumpa njia ya kutoa kila alichoandika kwa mpangilio ulio wazi, bila malipo, kabla ya siku ya kufunga. Kumkabidhi kadhi ni kuuchapisha mpangilio hadharani, jambo ambalo Microsoft ilifanya Februari 2008 kwa doc, xls na ppt za zamani. Na waaminifu wapo: faili la doc la mwaka 1997 hufunguka leo kwenye LibreOffice, programu isiyokuwapo lilipoandikwa, kwa kazi ya watu ambao aliyeliandika hakuwalipa wala hawajui.